Siku ya chanjo ya miezi 18, tuwaulize kina mama swali moja zaidi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nieleze jambo ambalo kwa miaka mingi nililitazama bila kuliona. Nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka 32, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliitumia katika kliniki ya mama na mtoto, nikining'iniza watoto kwenye mizani, nikiweka nukta kwenye kadi, nikichoma chanjo na kuwapa nasaha kina mama waliokaa kwenye mabenchi tangu alfajiri. Mara kwa mara mama mmoja alisubiri wenzake waondoke ndipo aninong'oneze, "Sista, huyu mwanangu bado hasemi." Nami, pengine bila hata kuinua uso kutoka kwenye daftari, nilimjibu kama nilivyowasikia wakubwa zangu wakijibu: "Atasema tu, mama. Watoto wa kiume huchelewa." Sikumwuliza kama mtoto hugeuka akiitwa jina lake, wala kama humwonyesha mama kitu kwa kidole. Nilitazama kilo zake, nikaona mstari unapanda vizuri, nikamwambia aende nyumbani.

Nilipostaafu, Mwenyezi Mungu alinijalia mjukuu mwenye usonji, yaani ubongo uliokua kwa namna tofauti hata kuwasiliana na wengine kukawa kugumu kwake, na safari hii nikawa mimi ndiye niliyekaa kwenye benchi, pembeni ya binti yangu. Muuguzi aliyetupokea, kijana ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu, alitujibu kwa maneno yale yale niliyokuwa nikiyasema mimi. Sikuwa na uso wa kumlaumu. Mtoto wakati huo alikuwa na mwaka mmoja na nusu, na ilituchukua miaka mingine miwili, pamoja na safari kadhaa za Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa Tanga, kabla ya mtu yeyote kulitamka neno lenyewe.

Kila ifikapo tarehe 2 Aprili, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga kwa azimio la mwaka 2007 ili dunia ielewe usonji, magazeti yetu, na gazeti lako pia, huchapisha picha za watoto waliovaa fulana za buluu na viongozi wakikata keki. Sipingi sherehe hizo, kwa kuwa zamani hata hizo hazikuwapo. Lakini ninachokitafuta katika habari hizo na kukikosa ni maelezo ya kazi yenyewe: mama mwenye mtoto wa miaka miwili asiyesema afanye nini kesho asubuhi, na nani amfundishe.

Nianze na kosa ambalo nadhani ndilo mama wa makosa mengine, nalo ni kudhani kwamba tatizo liko kwenye ulimi. Mtaani kwetu mtoto akichelewa kusema, ushauri wa kwanza ni kumkata ule uzi ulio chini ya ulimi. Ushauri wa pili ni kumpeleka akasomewe na kunyweshwa kombe. Dua haina ubaya, na mimi mwenyewe naendelea kumwombea mjukuu wangu kila alfajiri. Ubaya ni ile miezi inayopita huku kila mtu akisubiri neno litoke mdomoni. Daktari Leo Kanner, aliyewaeleza watoto 11 wa namna hii katika maandishi yake ya mwaka 1943 kule Marekani, aliliona jambo hili tangu wakati huo. Watoto 8 kati ya hao 11 walikuwa wameweza kusema, lakini aliandika kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa akiitumia lugha kumfikishia mwenzake maana. Kusema ni jambo moja na kuwasiliana ni jingine, na kwa mtoto wa kawaida la pili hutangulia la kwanza kwa miezi mingi.

Mtazame mtoto yeyote wa miezi 12 au 14 aliyekaa barazani. Ndege ikipita juu, hunyoosha kidole, kisha hugeuka kumtazama mama yake, kisha huirudia ndege. Haombi kitu, maana hakuna wa kumshushia ndege. Anachotaka ni kwamba mama naye aione. Katika kitendo hicho cha sekunde tatu mna msingi wote wa mazungumzo: mimi, wewe, na kitu tunachokizungumzia. Mtoto mwenye usonji mara nyingi hukosa hapo, muda mrefu kabla hajakosa maneno. Huweza kujua kuomba, lakini kuonyesha tu kwa ajili ya kushiriki furaha humpita. Wataalamu wa makuzi wanatutaka tushtuke ikiwa mtoto wa miezi 12 hageuki akiitwa, ikiwa wa miezi 16 hana neno hata moja, ikiwa wa miaka miwili haunganishi maneno mawili ya kwake mwenyewe, na, katika umri wowote, ikiwa mtoto amepoteza maneno aliyokuwa nayo.

Mjukuu wangu alipotaka karanga, alinishika mkono kwenye kifundo, akanivuta hadi jikoni, akauweka mkono wangu juu ya mfuniko wa kopo, naye akitazama kopo tu. Uso wangu haukumhusu. Mkono wangu ulikuwa kifungulio. Na sisi kwa huruma zetu tulikuwa tumemzoesha kupata kila kitu kabla hajakitaka: maji yalimfikia kabla ya kiu, viatu vilivalishwa kabla hajainua mguu, na dada zake walimsemea. Nyumba yenye upendo mwingi inaweza, bila kukusudia, kumwondolea mtoto kila sababu ya kuwasiliana.

Tulichofundishwa hatimaye hakikuhitaji mashine yoyote. Tuliambiwa tushuke chini, tukae kwenye mkeka tukimwelekea, na tuanze na kile anachokipenda yeye badala ya kile tunachotaka sisi ajifunze. Kopo la karanga lifungwe kwa nguvu na liwekwe mahali anapoliona. Akija na mkono wake, nishike kopo karibu na uso wangu, niseme neno moja tu, "Fungua", kisha ninyamaze na kuhesabu moyoni hadi kumi. Huko kunyamaza ndiko kulikonishinda kuliko kitu chochote nilichowahi kujifunza katika uuguzi. Sisi bibi tumezoea kusema mfululizo. Wiki za mwanzo hakuna kilichotokea isipokuwa kilio, nami nilifungua kopo kwa kumhurumia mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Siku moja, kwenye hesabu ya saba, aliinua macho, akanitazama, akasema "Fu." Nilimpa karanga zote zilizokuwamo, jambo ambalo mwalimu wake hakulipenda.

Niongeze hapa habari ya watoto wanaosema sana lakini hawaeleweki, kwa sababu nao hukosewa. Mjukuu wangu alipoanza kupata maneno, alikuwa akirudia miito ya makondakta wa daladala, "Raskazoni, Raskazoni mwisho!", hata usiku wa manane. Majirani walicheka, mjomba wake akataka azuiwe. Tulipochunguza tukagundua kwamba hulisema hilo akiwa mlangoni, au akiwa amebeba kiatu mkononi, yaani alikuwa anaomba kutoka. Kurudia maneno ya wengine kwa mtoto wa aina hii mara nyingi ni hatua ya kuelekea lugha, kwa hiyo badala ya kumkemea tunampa neno analolihitaji pale pale, "Twende nje", kisha tunatoka naye kweli ili aone kwamba neno limefanya kazi.

Liko pia suala la lugha, ambalo linawatesa wazazi wengi wa mijini. Binti yangu aliambiwa na mtu aliyeheshimika kwamba mtoto "atachanganyikiwa" akisikia Kiswahili na Kisambaa, hivyo azungumziwe Kiingereza pekee kwa kuwa ndicho kitakachotumika shuleni. Kiingereza cha binti yangu ni cha kuandikia barua ya kazi, si cha kubembelezea mtoto. Matokeo yake nyumba ikawa kimya, na mtoto akaachwa na katuni. Tafiti zilizofanyika kuhusu watoto wenye usonji wanaokua na lugha mbili hazijaonyesha kwamba lugha ya pili huwachelewesha zaidi kuliko wenzao wenye lugha moja. Mzazi azungumze na mwanawe kwa lugha anayoijua kutaniana nayo, kuimbia na kukaripia. Vivyo hivyo, msiwaogope wale wanaopendekeza picha na ishara za mikono. Nimewasikia wazazi wakisema kwamba mtoto akizoea kuonyesha picha ya kikombe atavivia kusema "maji". Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba njia hizo haziui usemi, na baadhi ya watoto hata huongeza maneno wanapozitumia. Mtoto aliyepata njia ya kudai maji hulia kidogo, na aliyepunguza kulia hufundishika.

Sasa nifike kwenye ombi langu. Kwa ratiba yetu ya chanjo hapa Tanzania, kila mtoto huchomwa sindano ya surua na rubela akiwa na miezi 9, na ya pili akiwa na miezi 18. Nawaomba wahusika waitazame siku hiyo ya miezi 18 kwa jicho jipya. Mama amekwisha kutoa nauli, amekwisha kupanga foleni, kadi iko mkononi na mtoto yuko mbele ya muuguzi, tena katika umri ule ule ambao dalili nilizozieleza huanza kuonekana. Liko dodoso la kimataifa la maswali 20, lililotungwa kwa ajili ya watoto wa miezi 16 hadi 30, ambalo mzazi hujibu kwa ndiyo au hapana. Nchi nyingi hulitumia. Ikiwa maswali 20 ni mengi kwa muuguzi mmoja mwenye foleni ya watoto 60, basi aulize machache: Je, mtoto hukuonyesha kitu kwa kidole ili nawe ukitazame? Je, hugeuka ukimwita? Je, huigiza, kwa mfano kujifanya anakunywa katika kikombe kitupu? Majibu hayo si hukumu ya usonji. Ni sababu ya kumrudisha mtoto baada ya mwezi, na kabla ya lolote kumpima usikivu, kwa kuwa kiziwi naye hageuki akiitwa.

Kukutana huku kwa umri na chanjo kumeleta pia uzushi mkubwa, ambao lazima niutaje kwa sababu bado ninaukuta kwenye makundi ya simu. Mwaka 1998 jarida moja la kitabibu la Uingereza lilichapisha makala ya Andrew Wakefield kuhusu watoto 12, iliyowafanya watu waamini kwamba chanjo yenye kinga ya surua huleta usonji. Jarida lenyewe liliifuta makala hiyo mwaka 2010, na mwandishi wake akafutwa katika orodha ya madaktari. Kule Denmark waliwafuatilia watoto zaidi ya 650,000 na kuchapisha matokeo mwaka 2019: waliochanjwa hawakuwa na usonji zaidi ya wasiochanjwa. Mama anayeona mwanawe amepoteza maneno mwezi ule ule aliochanjwa hana kosa kuvihusisha viwili hivyo. Sisi wahudumu ndio tuliomwacha bila maelezo mengine. Kama angeulizwa maswali yale matatu kabla ya sindano, angalau angejua kwamba dalili zilikuwapo.

Najua jibu litakalotoka ofisini: wataalamu hawapo. Ni kweli kwamba wataalamu wa tiba ya matamshi na lugha ni wachache mno katika ukanda wetu. Chuo Kikuu cha Makerere, jirani zetu wa Uganda, kilianza kutoa shahada ya fani hiyo mwaka 2008, hivyo inawezekana kuwasomesha, lakini hata tukiwasomesha kwa bidii wajukuu wa wajukuu wangu watakuwa wamekua kabla hawajafika kila wilaya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 takribani mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Kwa makadirio hayo, kata yenye watoto 1,000 ina watoto 7 au 8 wa namna hii, na hakuna bajeti itakayompa kila mmoja mtaalamu wake.

Ndiyo maana mkazo uwe kwa mzazi na kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Uingereza, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliowahusisha watoto 152 wa umri wa miaka miwili hadi minne, mzazi alirekodiwa kwa video akicheza na mwanawe, kisha yeye na mtaalamu wakaketi kuitazama pamoja, wakitafuta zile nyakati ndogo ambapo mtoto alijaribu kuwasiliana na mzazi akaitikia au akapitwa. Badiliko lililokuwa kubwa lilikuwa la wazazi, walioitikia vizuri zaidi, na la watoto kuanzisha mawasiliano wenyewe. Dalili nyingine za usonji hazikupungua sana wakati huo, lakini watoto walipofuatiliwa tena, kwa taarifa ya mwaka 2016, nafuu ilikuwa bado ipo miaka kadhaa baadaye. Jambo linalotuhusu sisi zaidi ni kwamba njia hiyo ilirekebishwa ikajaribiwa Goa nchini India na Rawalpindi nchini Pakistan, kwa watoto 65, ikitolewa na wahudumu wa kawaida wa afya badala ya mabingwa, nayo ikawasaidia wazazi na watoto kuwasiliana. Shirika la Afya Duniani nalo limeandaa mafunzo kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9, yenye vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, yanayoweza kuendeshwa na mtu asiye mtaalamu baada ya kufunzwa. Simu yenye kamera tunayo karibu kila nyumba, na mkeka upo.

Serikali yetu ilizindua mwezi Desemba 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayowalenga watoto wa miaka 0 hadi 8, na muda wake wa miaka mitano ulipangwa kufikia mwaka 2025/26. Ni programu njema, na nimewaona wahudumu wakiwafundisha wazazi kucheza na watoto wao. Ombi langu ni kwamba, kokote kazi hiyo itakakoendelezwa, mtoto ambaye mchezo wa kawaida haumfikii aandikiwe sehemu yake kwa maneno yanayoeleweka, pamoja na fungu katika bajeti ya halmashauri, kwa kuwa nimezeeka na kuona mengi yaliyotajwa kwenye mpango bila kutajwa kwenye fungu.

Niwaombe radhi kina mama wawili watatu watakaoisoma barua hii na kunitambua. Wengi wao waliambiwa na wakwe zao kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, wakiwa na maana kwamba hasemi kwa sababu mama hamsemeshi. Hata Ulaya na Marekani, katika miaka ya 1950 na 1960, wako wataalamu waliowabebesha kina mama lawama hiyo hiyo, eti ubaridi wao ndio uliowafunga watoto. Haikuwa kweli huko, na si kweli huku. Usonji ni namna ubongo ulivyokua tofauti tangu mapema, na urithi wa vinasaba una sehemu kubwa ndani yake. Mzazi hakuuleta. Uwezo alio nao ni wa kumrahisishia mtoto njia ya kuwafikia wengine.

Wala nisieleweke kwamba aliyechelewa amepoteza. Marekani waliwachunguza watoto 535 ambao kufikia umri wa miaka 4 walikuwa bado hawajaunganisha maneno. Taarifa ya mwaka 2013 ilisema asilimia 70 kati yao waliweza baadaye kusema kwa vifungu vya maneno, na karibu nusu ya wote kwa ufasaha. Wengine hawatasema kamwe, na hao wana haki ya picha zao, ishara zao na darasa linalozielewa. Mjukuu wangu sasa ana miaka sita. Anasema sentensi za maneno matatu, humwita paka wa jirani kwa jina, na bado ananishika kifundo cha mkono anapokuwa amechoka. Shule ya kwanza ya awali tuliyompeleka ilimrudisha baada ya siku nne, ya pili imempokea, na mwalimu wake amebandika picha ya choo, ya bomba na ya mlango kwenye ubao, ambazo sasa watoto wote darasani wanazitumia.

Kwa wauguzi wenzangu mlio kazini, hamhitaji kusubiri waraka ili kuanza. Wiki hii mtakuwa na watoto wa miezi 18 kwenye foleni. Kabla ya kumchoma mtoto, mwulizeni mama kuhusu kile kidole, na jibu lake liandikeni kwa kalamu pembeni mwa kadi, pamoja na tarehe ya kurudi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi mstaafu,
Tanga